Asilimia 25 si mgao wa vyeo

Kadiri uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unavyokaribia, ndivyo malalamiko yanavyozidi mezani kwetu, yakiwemo ya wanaodhani asilimia 25 inayotajwa na Katiba inalipa kabila lao vyeo. Barazani, mzee mmoja aliniuliza: "Mtu wetu akishindwa, sisi tutakula wapi?" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Swali lake lina historia. Mwaka 2007 mgombea urais alihitaji kuwapita wenzake kwa kura na kupata asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Aliyeingia Ikulu ndiye aliyeteua wakuu wa mikoa. Aliyeshindwa alitoka mikono mitupu. Mshindi alitangazwa tarehe 30 Desemba, akaapishwa jioni ile ile. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Makabila yalikuwepo siku zote. Kilichoyagonganisha ni kiti kimoja kubeba kila kitu.

Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Asipopatikana mshindi, wawili wa kwanza hurudiana ndani ya siku 30. Mwenye pingamizi huwasilisha kesi Mahakama ya Juu ndani ya siku 7. Mahakama huamua ndani ya siku 14. Matokeo yakifutwa, kama ilivyokuwa 2017, uchaguzi hurudiwa ndani ya siku 60. Na tafadhali, asilimia 25 hiyo ni ya kura. Haimgawii mtu wala kabila uwaziri. Tutalirudia hili mara ngapi?

Ugatuzi, yaani kuhamishia kaunti sehemu ya madaraka, umepunguza joto la Ikulu, lakini sehemu ya joto hilo imehamia kwa magavana. Walio wachache kitaifa huwa wengi katika kaunti yao, na jirani zao wakawa wachache wapya. Hapo ndipo neno "madoadoa", la kuwaita watu wa makabila mengine wageni wasiotakiwa, husikika majukwaani, kisha tunaambiwa ulikuwa utani. Matamshi ya chuki, chini ya kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kuhusu ajira, sheria ya serikali za kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo.

Anayetuletea sauti ya WhatsApp kama ushahidi wa matamshi ya chuki asiikate: tunahitaji rekodi nzima, tarehe, mahali, na maneno yenyewe kwa lugha yaliyosemwa.