Muda wa Mtu Marekani

Vijana ninaowaandaa kwenda kusoma Marekani huniuliza sana kuhusu baridi, ilhali kinachowatatiza wakishafika ni saa. Sisemi habari ya sisi kuanza kuhesabu saa jua linapochomoza na wao kuanzia usiku wa manane, kwani hilo huzoeleka mapema. Kinachochelewa kueleweka ni kwamba kwa Wamarekani wengi muda ni mali ya mtu, na kuutumia bila idhini yake kunakaribia kumtilia mkono mfukoni.

Fikra hiyo ni kongwe. Mwaka 1748 Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, alimwandikia mfanyabiashara kijana kwamba muda ni fedha, akamfanyia na hesabu: anayeweza kupata shilingi 10 kwa siku, akikaa bure nusu ya siku hiyo na kutumia peni 6 kwa starehe, asidhani hasara yake ni hizo peni tu, maana ametupa pia shilingi 5. (Ndiyo, hata wao walihesabu kwa shilingi wakati huo.) Hata hivyo, kila mji uliendelea kufuata adhuhuri yake kwa jua, mpaka kampuni za reli, zilizochoshwa na ratiba zisizolingana, zilipoanza kutumia kanda za saa, yaani maeneo makubwa yanayofuata saa ileile, tarehe 18 Novemba 1883; sheria ya taifa zima kuhusu kanda hizo ilikuja mwaka 1918.

Mwanafunzi wangu mmoja alialikwa nyumbani kwa mwalimu wake, saa nane mchana hadi saa kumi. Kwa kuwa kwao kufika wa kwanza karamuni huonekana ulafi, alibisha hodi saa tisa na nusu, akamkuta mwenyeji akikusanya sahani. Alinipigia simu akisema Wamarekani hawana ukarimu, nami sikukubaliana naye, kwa sababu saa ya kumalizia iliyoandikwa kwenye mwaliko ilikuwa sehemu ya mwaliko wenyewe, na aliyekuja kwa wakati angekaribishwa kwa muda wa saa mbili nzima.

Linaloteleza zaidi ni ile kauli yao ya kwamba tukutane siku moja tunywe kahawa. Isipotajwa siku wala saa, hiyo ni salamu ya kuagana tu, wala msemaji hajadanganya. Ukitaka kahawa kweli, pendekeza Alhamisi saa kumi jioni papo hapo, kisha umtazame: akitoa simu kuangalia kalenda yake, umealikwa.