Je, wajua kwa nini wasomi walichelewa sana kukubali kwamba dunia inazunguka?

Simulizi ambayo wengi tuliipata shuleni ni fupi. Zamani watu waliamini dunia imetulia katikati, jua na nyota zikiizunguka. Mwaka 1543 akaja Copernicus akasema sivyo, kanisa likakasirika, Galileo akahukumiwa, na mwishowe ukweli ukashinda. Hakuna uongo mkubwa humo. Tatizo ni kwamba simulizi hiyo inawafanya wote waliokataa waonekane wajinga au waoga. Wengi wao walikuwa wanahisabati hodari, watu waliokesha wakipima nyota, na hoja zao zilikuwa nzito kiasi kwamba jibu la mojawapo lilipatikana karibu miaka 300 baada ya Copernicus kufariki.

Tuanze na ulimwengu waliokuwa wakiuamini. Wasomi wa zama za kati walijua fika kwamba dunia ni duara. Waliona kivuli chake cha mviringo mwezi unapopatwa, na Eratosthenes, akiwa Misri, alikuwa amekwisha kupima mzingo wake katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Waliilaza dunia katikati kwa sababu waliyoirithi kwa Aristotle: kila kitu kizito kina mahali pake pa asili, napo ni katikati ya ulimwengu. Jiwe huanguka kwa kuwa linarudi kwao, na moto hupanda kwa kuwa kwao ni juu. Dunia yenyewe ni rundo la vitu vizito vilivyokwisha kufika mwisho wa safari. Juu yake kuna tabaka za mwezi, Utaridi, Zuhura, jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali, kisha nyota. Chini ya mwezi vitu huzaliwa, huoza na hufa. Kuanzia mwezini kwenda juu hakuna kinachobadilika, na kila kitu huenda kwa duara milele.

Mpango huo ulikuwa umeshikamana. Ukiitoa dunia katikati, hujahamisha tu sayari moja kwenye ramani, umepoteza pia maelezo ya kwa nini jiwe huanguka. Nadhani hili ndilo linalosahaulika zaidi. Copernicus alileta ramani mpya ya anga bila kuleta fizikia mpya ya kuibeba.

Ramani ya zamani nayo ilifanya kazi. Ptolemaio wa Alexandria aliandika kitabu chake kikuu, ambacho Waarabu walikiita Almajisti, yapata mwaka 150, na kwa hesabu zake mtu aliweza kutabiri mahali pa sayari miaka mingi mbele. Kasoro zake ziliwasumbua wanafalaki wa Kiislamu muda mrefu kabla ya Ulaya. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Ptolemaio. Nasir al-Din al-Tusi, aliyeongoza kituo cha falaki cha Maragha huko Uajemi kuanzia mwaka 1259, alibuni njia ya kuunganisha miendo miwili ya duara ili itoe mwendo wa mstari ulionyooka. Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za sala katika Msikiti wa Umawiyya jijini Damascus katika karne ya 14, alitunga mpango wa mwendo wa mwezi unaolingana kihisabati na ule ambao Copernicus aliutumia baadaye. Namna hesabu hizo zilivyofika Poland, alikoishi Copernicus, bado wanahistoria wanaijadili, lakini kufanana kwake ni kukubwa mno kupuuzwa. Al-Tusi na Ibn al-Shatir wote wawili waliiacha dunia katikati.

Copernicus alipoliweka jua katikati, mambo mawili yalipendeza ghafla. Mirihi, ambayo kila baada ya miaka miwili hivi huonekana ikirudi nyuma angani, haikuhitaji tena maelezo ya ajabu: ni dunia inayoipita. Sayari nazo zilijipanga kwa kasi zao, Utaridi ikimaliza mzunguko kwa siku 88 na Zohali kwa miaka 29 hivi. Lakini Copernicus aling'ang'ania miduara mikamilifu, akalazimika kurundika miduara midogo juu ya mikubwa kama Ptolemaio, na utabiri wake haukuwa sahihi kwa kiasi cha kumshawishi mtu. Mbele ya uzuri huo zilisimama hoja tatu.

Ya kwanza ilihusu mwendo wenyewe. Kama dunia inajizungusha mara moja kwa siku, mtu aliye Nanyuki, pale ikweta inapopita, anakimbizwa kuelekea mashariki kilomita 1,670 hivi kwa saa. Mbona hakuna upepo wa kutisha kutoka mashariki? Mbona jiwe ukilirusha juu linarudi miguuni pako, wakati ardhi imekwisha kusogea mamia ya mita? Mbona haturushwi angani? Kwa fizikia ya Aristotle, ambamo kitu husimama kikikosa cha kukisukuma, maswali haya hayakuwa na jibu.

Ya pili ilihusu nyota. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine: kinaonekana kuruka mbele ya ukuta ulio nyuma yake. Vivyo hivyo, kama dunia inalizunguka jua, basi mwezi Januari na mwezi Julai tunatazama nyota kutoka sehemu mbili zilizo mbali sana, na nyota za karibu zilipaswa kuonekana zimehama. Hali hii wanafalaki huiita paralaksi. Hakuna aliyeiona. Tycho Brahe, Mdenmarki aliyepewa na mfalme wake kisiwa cha Hven ajenge humo kituo cha falaki, aliitafuta kwa vyombo vilivyopima hadi karibu dakika moja ya digrii, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, kwa macho matupu. Hakuiona.

Jibu la wafuasi wa Copernicus lilikuwa kwamba nyota ziko mbali mno. Hapo ikazuka hoja ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kali kuliko zote. Nyota zikitazamwa kwa macho zinaonekana kuwa na upana. Tycho akapiga hesabu: kama ziko mbali kiasi hicho na bado zinaonekana na upana huo, basi nyota ya kawaida tu ingekuwa kubwa kama njia nzima ya dunia kulizunguka jua. Jua letu lingekuwa si kitu mbele yake. Christoph Rothmann, mwanafalaki Mjerumani aliyemtetea Copernicus, alimjibu kwamba ukubwa huo si kitu mbele ya utukufu wa Mungu. Tafakari hilo kidogo. Anayeitetea nadharia tunayoikubali leo alijibu kwa dini, na anayeipinga alikuwa ameshika vipimo.

Tycho hakuwa mtetezi wa kila kitu cha kale. Mwaka 1572 nyota mpya iling'aa katika kundinyota la Kasiopia, naye akaonyesha kwa vipimo kwamba ilikuwa mbali kupita mwezi. Nyotamkia ya mwaka 1577 nayo ikawa hivyo hivyo. Mbingu zisizobadilika zilikuwa zimebadilika mara mbili ndani ya miaka mitano. Pendekezo lake lilikuwa la kati: sayari zilizunguke jua, na jua liizunguke dunia iliyotulia. Mpango huo uliyaeleza yote yaliyokuwa yakionekana, bila upepo na bila paralaksi.

Ndiyo maana hata darubini haikumaliza ubishi. Januari 1610 Galileo aliona miezi ikiizunguka Mshtarii, na mwishoni mwa mwaka huo akaanza kuona Zuhura ikibadilika umbo kama mwezi, kutoka duara dogo hadi hilali kubwa. Hilo lilimwangusha Ptolemaio moja kwa moja, maana kwa mpango wake Zuhura isingeweza kuonekana karibu nzima. Halikumgusa Tycho, ambaye kwake pia Zuhura hulizunguka jua. Mwaka 1651 Giovanni Battista Riccioli, padri Mjesuiti wa Italia, alikusanya hoja 126 za ubishi huu, 49 za kuunga mkono mwendo wa dunia na 77 za kuupinga, akahitimisha kwamba dunia imetulia. Hoja alizozithamini zaidi zilikuwa za kisayansi.

Galileo mwenyewe, alipotafuta uthibitisho wa mwisho, alichagua vibaya. Alidai kwamba bahari hujaa na kupwa kwa sababu dunia inapozunguka maji husukwasukwa, akamshangaa mwanafalaki Kepler kwa kuuhusisha mwezi na kujaa huko. Nadharia yake ilitoa maji kujaa mara moja kwa siku. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo au Lamu anajua maji hujaa mara mbili, na kwamba bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Hayo hayahalalishi walichotendewa yeye na vitabu. Mwaka 1616 kitabu cha Copernicus kilizuiwa hadi kirekebishwe, na mwaka 1633 mzee wa karibu miaka 70 alilazimishwa kupiga magoti na kukana mawazo yake. Kuwa na hoja nzuri upande wako hakukupi haki ya kumnyamazisha mwenzako. Toleo la orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku ambalo hatimaye halikumtaja Copernicus lilitoka mwaka 1835.

Kilichovunja mkwamo kilitoka kwa watu wawili waliofanya kazi tofauti kabisa. Johannes Kepler alirithi vipimo vya Tycho na kuhangaika na Mirihi kwa miaka. Duara lake bora lilitofautiana na vipimo kwa dakika 8 za digrii, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Wengine wangeliacha. Kepler aliamini vipimo vya Tycho kuliko miduara ya miaka 2,000, akaitupa miduara, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi inakwenda kwa njia ya duaradufu, jua likiwa kando kidogo ya katikati. Ile mizigo ya miduara midogo ikatoweka.

Galileo naye, pamoja na kukosea kwenye bahari, alipatia kwenye jiwe. Jifungie chini ya sitaha ya meli inayokwenda kwa mwendo sawa juu ya bahari tulivu, alisema, udondoshe matone ya maji: yataanguka wima, kana kwamba meli imetia nanga. Kitu hakihitaji kusukumwa ili kiendelee na mwendo kilio nao. Jiwe, hewa na wewe mwenyewe mnao mwendo wa dunia tayari, kwa hiyo hakuna upepo na jiwe haliachwi nyuma. Kipande cha fizikia ambacho Copernicus alikikosa kilianza kupatikana hapo.

Isaac Newton alikikamilisha mwaka 1687. Aliuliza: nguvu inayoangusha jiwe ikifika mwezini, itakuwa imepungua kiasi gani? Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 hivi kuliko sisi. Kama nguvu hupungua kwa mraba wa umbali, itakuwa sehemu moja ya 3,600. Jiwe huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza, hivyo mwezi ungepinda kutoka mstari ulionyooka kwa milimita 1.4 hivi kila sekunde. Ndivyo unavyopinda kweli. Mpaka wa Aristotle kati ya mbingu na ardhi ulifutwa kwa hesabu hiyo, kwa kuwa mwezi unaanguka kwa sheria ile ile ya jiwe. Sheria hiyo ikaeleza pia bamvua: jua na mwezi huvuta bahari katika mstari mmoja.

Swali la kurushwa angani likapata jibu lenye tarakimu. Kwenye ikweta mzunguko hutupunguzia uzito kwa sehemu moja ya 300 tu. Ni kidogo, lakini kinapimika. Mfaransa Jean Richer, aliyepeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika Kusini, mwaka 1672, alikuta inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku ikilinganishwa na Paris, na Newton akaeleza kwa nini.

Kwa hiyo wasomi wengi waliamini kwamba dunia inakwenda kabla ya yeyote kuuona mwendo huo kwenye nyota. Waliamini kwa sababu sheria moja ilieleza jiwe, mwezi, bahari na saa. Uthibitisho ulikuja taratibu. Mwaka 1728 James Bradley aliona nyota zikiyumba sekunde 20 za digrii kwa mwaka (sekunde ni sehemu moja ya 60 ya dakika ya digrii), kwa sababu dunia inakwenda wakati nuru yake inatufikia. Ile paralaksi yenyewe ilitangazwa na Friedrich Bessel mwaka 1838. Ilikuwa ndogo kuliko sehemu moja ya 10,000 ya digrii. Mwaka uliofuata Thomas Henderson alitoa yake ya Alfa Centauri, kwa vipimo alivyovichukua Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Ule upana wa nyota uliomsumbua Tycho ukajulikana kuwa haukuwa wa nyota: jicho na darubini hutandaza nuru ya nukta moja ikaonekana na upana.

Mwaka 1851 Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya Panthéon, Paris, na watu wakaona pendulamu ikigeuza mwelekeo wake polepole, kwa kuwa sakafu iliyo chini yake ndiyo inayozunguka. Paris inamaliza zamu kwa saa 32 hivi. Dar es Salaam ingechukua zaidi ya siku 8, Nairobi siku 44 hivi, na kwenye mstari wa ikweta pale Nanyuki isingegeuka kabisa. Yale maji ambayo wageni huonyeshwa hapo yakizunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili hayathibitishi lolote: nguvu ya mzunguko wa dunia ndani ya beseni ni dhaifu mno, na kinachoamua ni jinsi maji yalivyomiminwa.