Kioo cha laptopu kimepasuka? Fungua kwanza, ununue baadaye

Hakuna swali ninaloulizwa sana kama hili: "Fundi, kioo cha laptopu yangu bei gani?" Nami huuliza: nyuma ya kioo kumeandikwa nini? Wengi hushangaa, kwa sababu hawajawahi kupaona huko nyuma. Kufungua skrubu na kuzirudisha, mtu yeyote mtulivu ataweza akiwa mezani kwake. Kinachowala watu fedha ni kununua kioo kwa kutaja jina la laptopu tu.

Chukua HP EliteBook 840 G3, ambayo utaikuta karibu kila duka la laptopu zilizotumika. Ilitoka kiwandani na vioo vya inchi 14 vya namna mbalimbali: kuna cha nukta (pikseli) 1366 kwa 768, cha 1920 kwa 1080 na cha 2560 kwa 1440, na vipo vya kugusa pia. Ukimwambia muuzaji "naomba cha 840 G3", atakupa alichonacho. Huenda kikakubali, huenda kisikubali, na kukirudisha dukani ni ugomvi.

Kabla ya yote, hakikisha ugonjwa ni wa kioo. Ufa wenye doa jeusi linalotanuka hauna mjadala. Lakini kama picha inacheza unapoinua au kushusha mfuniko, shuku waya unaopita kwenye bawaba. Chomeka laptopu kwenye televisheni kwa HDMI. Picha ikiwa safi huko, sehemu ya bodi kuu inayotengeneza picha ni nzima. Mistari ikitokea na huko pia, kioo kipya hakitakusaidia.

Sasa zima kabisa, chomoa chaji, kisha tenganisha betri. Naomba hapa usiwe na haraka. Plagi ya kioo hubeba pia umeme wa taa ya nyuma inayokiangaza kioo. Ukiichomoa kwa mshazari huku betri ikiwa imeunganishwa, pini zinaweza kugusana na fyuzi ndogo kwenye bodi ikaungua. Baadaye utafunga kioo kipya, utaona giza, utasema umeuziwa kibovu. Mulika tochi kwa karibu: ukiona picha hafifu sana, kioo kinafanya kazi, kilichokosekana ni taa. Kama betri iko ndani, fungua mfuniko wa chini uchomoe plagi yake. ThinkPad nyingi zina sehemu ya kuizima betri ya ndani kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa laptopu inapowaka), bila hata kugusa bisibisi.

Fremu ya plastiki inayozunguka kioo hushikwa na vibanio, na kwenye baadhi ya laptopu kuna skrubu zilizofichwa chini ya vipande vya mpira. Zitoe hizo kwanza, kisha pitisha kadi ya plastiki ukingoni taratibu. Vibanio vya karibu na bawaba ndivyo huvunjika upesi, viache mwisho. Ukishatoa skrubu za kioo, kilaze kifudifudi juu ya kibodi iliyotandikwa kitambaa laini. Vioo vingine havina skrubu, vimeshikwa na utepe wa gundi unaovutika. Uvute polepole, sambamba na kioo, maana ukiuinua juu utakatika. Kama kipasukacho ni cha kugusa, au laptopu ni MacBook, simama hapo: kioo kimegandishwa na sehemu nyingine, na mara nyingi hubadilishwa mfuniko mzima.

Mgongoni mwa kioo utaona lebo. Ipige picha, isomeke vizuri. Tuseme imeandikwa B156XTN: hicho ni cha AU Optronics, 156 ni inchi 15.6, na XTN ni nukta 1366 kwa 768. B156HAN ni ukubwa uleule lakini 1920 kwa 1080, na rangi hazibadiliki ukitazama kwa pembeni. LG wao huandika LP156WH na LP156WF kwa tofauti hiyohiyo ya nukta. Soma hadi herufi ya mwisho. N156BGE-L41 na N156BGE-E31 ni za kampuni moja, inchi zilezile, nukta zilezile, lakini njia za kupokea picha kutoka kwenye bodi ni tofauti: ya kwanza hutumia LVDS yenye pini 40 na ya pili eDP yenye pini 30. Haziingiliani hata kidogo.

Kwa hiyo, tazama plagi pia. Hesabu pini, angalia iko upande gani, na kama kioo kina masikio ya skrubu juu na chini, pembeni, au hakina kabisa. Wanaotaka kupanda kutoka 768 kwenda 1080 wajue kwamba pini 30 kwa pini 30 hazitoshi kuwa ushahidi: baadhi ya waya za kioo cha 768 zina njia moja tu ya data, na cha 1080 kwa kawaida huhitaji mbili. Utalazimika kununua na waya.

Kioo kikifika, usikifunge moja kwa moja. Ingiza plagi ikiwa imenyooka, rudisha kibanio cha chuma cha plagi hiyo na utepe wake, unganisha betri, washa. Weka ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, utafute nukta zilizokufa. Karatasi ya kukinga usiibandue bado, kwani muuzaji akiikuta imetoka hatakubali kubadilisha. Ukiridhika, zima, tenganisha betri tena, ndipo ufunge skrubu na fremu.

Kabla fremu haijarudi, jaribu bawaba. Zikiwa ngumu kupita kiasi, mfuniko hupinda kila unapofunguliwa na kioo kipya kitapasuka kama cha kwanza. Legeza nati zake kidogo kwa bisibisi au koleo, sawasawa pande zote mbili, mpaka mfuniko ufunguke bila kupinda pembeni.