Kota moja ni karibu chupa tano: hesabu ya pombe venye tunaifanya kliniki

Nikimuuliza mtu habari ya pombe, jibu la kwanza huwa ni aina. "Mimi ni bia tu daktari, chang'aa siwezi gusa." Ama dada anakwambia yeye ni wa waini, na si waini ni nzuri kwa moyo? Ama jaduong' kutoka Nyalenda anasema busaa ni chakula, baba yake aliinywa na akazeeka vizuri tu. Hakuna mtu huanza na kiasi. Mimi nashika kliniki ya presha na sukari hapa Kisumu na nimechoka kubishana juu ya aina, kwa hivyo wacha nipige hesabu hapa mara moja, siku nyingine mtu akiniuliza namtumia tu linki.

Kitu kinacholewesha kwa hizo zote ni kimoja, ethanoli, na ini lako halijui ilitoka kwa chupa ya kijani ama kwa mtungi. Chukua Tusker ya mililita 500. Lebo inasema asilimia 4.2, maana yake humo ndani kuna mililita 21 za ethanoli, na kwa sababu ethanoli ni nyepesi kuliko maji, uzito wake unakuja gramu 16 na kitu. Sasa chukua kota ya kinywaji kikali, mililita 250 za asilimia 40. Hapo ni mililita 100 za ethanoli, gramu 79. Gawanya mwenyewe, ni karibu chupa tano za bia, na hiyo kota kuna mtu huimaliza kabla mechi ifike hafutaimu halafu ananiambia yeye si mlevi, ni kakota tu ka jioni. Waini ya 750 ya asilimia 12 ni gramu 71, kwa hivyo wale mnakaa wawili na kila mtu na chupa yake, mko meza moja na huyo wa kota. Mzinga, ile chupa ya 750 ya kinywaji kikali, ni gramu 237. Wa mzinga sina la kuwaambia kwa blogu, njooni kliniki.

Busaa huwa na nguvu inayokaribiana na ya bia, shida ni kwamba hakuna mtu hunywa nusu lita akaenda nyumbani. Chang'aa ndio huwezi pigia hesabu kabisa. Ile sheria ya vileo ya 2010, ile watu huita ya Mututho, ilisema chang'aa inaweza tengenezwa kwa leseni, iwekwe kwa chupa, ibandikwe lebo, lakini ya mtaani bado inapimwa kwa glasi na nguvu ya leo si ya jana. Na wakati mwingine kuna mtu ameiongeza methanoli ndio ichome. Mnakumbuka kumi kumi ya mwaka 2000 Nairobi, watu zaidi ya mia moja walikufa na wengine wakabaki vipofu. Methanoli ikiingia mwilini inageuzwa asidi ya fomiki, na hiyo asidi inapiga mishipa ya macho. Inachukua masaa, kwa hivyo mtu analala akiwa sawa, anaamka kesho anaona ukungu, anadhani ni hangova. Ukiona mtu amekunywa jana na leo anasema haoni vizuri ama anapumua mbio mbio, usimpikie supu, mkimbize hospitali, kuna dawa lakini inataka mapema.

Tukirudi kwa supu. Ini ni kama karani mmoja kwa kaunta, foleni iwe ndefu aje, yeye anahudumia kwa spidi ile ile, na kwa watu wengi hiyo spidi ni gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Supu ya mbuzi na ndimu, kahawa nyeusi, kuoga maji baridi, kutapika, zote hazimsukumi huyo karani. Kahawa inakufanya mlevi asiye na usingizi. Na wale wa kukimbia asubuhi ati nitoe pombe kwa jasho, kinachotoka kwa jasho, pumzi na mkojo ni asilimia chache tu, zilizobaki zote ni kazi ya ini. Kimbia, mazoezi ni mazuri, Shirika la Afya Duniani wanasema dakika 150 kwa wiki angalau, lakini usikimbie ukidhani unalipa deni la jana. Sasa fanya hesabu ya mtu wa bodaboda aliyemaliza kota saa sita usiku. Gramu 79 kwa spidi ya 8 ni kama masaa kumi, yaani saa nne asubuhi ndio damu inaisha kuwa na pombe, na saa kumi na mbili tayari alikuwa Kondele amebeba mama na mtoto wa shule. Yeye anahisi yuko sawa kabisa na hapo ndipo hatari iko.

Haya, waini na moyo. Hii lazima nikae nayo kidogo juu naulizwa karibu kila wiki na watu wamesoma. Mwaka 1992 mtafiti Mfaransa anaitwa Serge Renaud aliandika kwa jarida la Lancet kwamba Wafaransa wanakula mafuta mengi ya wanyama lakini hawafi sana na ugonjwa wa moyo, na akasema huenda ni pombe, waini hasa. Dunia ikafurahi, biashara pia ikafurahi. Baada ya hapo zikaja tafiti nyingi zikionyesha kitu kile kile, wanaokunywa kidogo wanaishi kuliko wasiokunywa kabisa.

Lakini jiulize hao wasiokunywa kabisa ni akina nani. Tufanye mtafiti amekuja Manyatta leo na karatasi yake anauliza nyumba kwa nyumba nani hanywi. Atapata mama wa kanisa, sawa. Atapata pia yule mzee aliyeacha juu TB ilimlaza, na yule wa maji kwa tumbo aliyeambiwa akionja tena ni kaburi, na yule wa sukari, na yule hana pesa hata ya unga wacha bia. Wote wanaandikwa "hanywi". Miaka kumi baadaye wengi wamekufa, na karatasi inasema kutokunywa ni hatari! Upande ule mwingine yule wa glasi moja ya waini na chakula cha jioni, mara nyingi ana kazi, ana bima, anapimwa presha, anakula mboga, anatembea Dunga jioni kupunga upepo. Waini ilikuta afya yake iko tayari, haikuileta. Watafiti wakianza kuwatoa wale walioacha kwa sababu ya ugonjwa, ile faida inapungua sana ama inapotea. Halafu 2019 ikatoka kazi kubwa ya Uchina, watu nusu milioni, na huko kuna watu wengi wamezaliwa na jeni, yaani vinasaba vya kurithi, zinazofanya pombe iwatese, uso unawaka, moyo unaenda mbio, kwa hivyo wanakunywa kidogo bila kuchagua. Ukilinganisha watu kwa jeni badala ya kwa maneno yao, stroki na presha zinapanda na pombe moja kwa moja, hakuna mahali kidogo inakukinga na stroki. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani wakasema wazi hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Haimaanishi glasi moja itakuua. Inamaanisha usiinywe kama dawa, na usimwambie mama yako wa presha aanze waini.

Kingine ni saratani. Ethanoli ikivunjwa inakuwa kwanza asetaldehaidi, na hiyo ndiyo inaharibu vinasaba vya seli. Inatengenezwa kwa ini lakini pia mdomoni, bakteria wa mdomo wanaitengeneza, ndio maana pombe inahusishwa na saratani ya mdomo, koo, sanduku la sauti, umio (njia ya chakula kutoka koo kwenda tumboni), ini, utumbo mpana na matiti. Ya matiti inaanza kupanda hata kwa kiwango kidogo na hii wanawake wengi hawajaambiwa. Umio ndio unatuhusu sana huku kwetu, juu ukanda huu wa Bonde la Ufa kuna saratani ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia, uliza watu wa Bomet, hospitali ya Tenwek wamehangaika nayo miaka na miaka. Mgonjwa anakuja amekonda, ugali haushuki, baadaye uji haushuki. Na hapo si pombe peke yake. Sigara ukiichanganya na pombe hatari haijumlishwi, inazidishwa. Mursik, yale maziwa ya kuchachushwa ya Wakalenjin, kuna watafiti waliipima wakakuta asetaldehaidi ndani yake, hapo sisemi muache mursik, nasema jambo halina mkosaji mmoja. Na chai! Tunakunywa chai kama imetoka kwa volkano. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Joto lenyewe, si majani. Kwa hivyo yule anayeamka na hangova, anavuta moja, halafu anapuliza kikombe cha chai ya moto, umio wake umepigwa mara tatu kabla saa mbili asubuhi. Chai iache ipoe dakika tano, hii ndiyo ushauri wangu wa bei rahisi kabisa na hakuna mtu hunisikiza.

Presha nitapita haraka. Pombe inapandisha presha, na kuna wagonjwa wangu wako kwa dawa tatu na hazifanyi kazi mpaka tupunguze chupa, tukipunguza kwa wiki chache tu namba zinashuka. Choma ya chumvi nayo inasaidia kupandisha, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima ndio mwisho, na hicho kinaisha kwa sahani moja na kachumbari yake.

Dawa ndio zinanikosesha usingizi. Huku Nyanza watu wengi wako kwa ARV, dawa za HIV, na kuna imani imeenea kwamba pombe na ARV zinapigana kwa hivyo ukitaka kunywa wikendi unaacha dozi kwanza. Tafadhali. Kinachoua hapo ni kuruka dozi, virusi vinapata nafasi. Kama umekunywa, meza dawa yako vilevile kwa saa yake, halafu tuongee kuhusu pombe siku nyingine bila matusi. Eldoret, watu wa AMPATH, ule mradi wa matibabu ya HIV, walishafanya mafunzo ya kikundi kwa Kiswahili, wiki sita hivi, ya kuwasaidia wagonjwa wa HIV kupunguza pombe, na waliofundisha hata hawakuwa madaktari, na pombe ikapungua. Kwa hivyo inawezekana. TB ni hivyo hivyo, anayezidisha gramu 40 kwa siku, yaani hata Tusker tatu hazijafika, hatari yake ya kuugua TB ni kama mara tatu, na ile dawa ya isoniazidi ikikutana na pombe ini ndio linalipa. Na parasetamo ya hangova, ukiwa mnywaji wa kila siku na hujala, ile dozi ya kawaida inaweza kuwa nyingi kwako. Diklofenaki, ile ya maumivu, juu ya pombe inaweza toboa tumbo.

Watu wa sukari nisikizeni hapa. Pombe inazuia ini kutengeneza glukosi. Ukinywa bila kula na uko kwa insulini ama tembe za sukari za glibenklamidi, sukari inaweza shuka usiku mpaka uzimie. Unatoa jasho, unaongea ovyo, unayumba, na unanuka pombe, kwa hivyo marafiki wanakulaza kwa kona ya baa wakisema amelewa huyo mwacheni. Kula kwanza, na uende na mtu anayejua uko na sukari.

Sasa kuna mtu amesoma mpaka hapa na ameamua kesho anaacha. Poa, lakini kama umekuwa ukinywa sana kila siku kwa muda mrefu, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate pombe ya kutoa loki, usiache ghafla peke yako nyumbani. Ubongo umezoea kutulizwa, ukiondoa pombe mara moja unalipuka. Degedege huja kati ya masaa sita na siku mbili, na kwa siku ya pili ya tatu wengine wanaanza kuona wadudu kwa ukuta, joto linapanda, hawajui wako wapi, na hiyo inaua. Familia nyingi zinafunga mtu ndani ya nyumba ati aachane nayo, kisha wanasema amerogwa. Mlete hospitali, kuna dawa tunampa kwa siku chache tukipunguza polepole. Na mkifika emergensi mwambieni nesi mapema kwamba huyu ni mtu wa pombe na hajala vizuri, juu sindano ya vitamini B1 inafaa itangulie dripu ya glukosi ama ziende pamoja, asipoipata ubongo unaweza kuumia na ukumbuke kuna wengine hawarudi kuwa vile walikuwa.