Ukikuta duara kwenye mpunga wako, soma mabua kabla hujamwita mganga

Mpunga ukishaanza kutoa masuke huku bonde la Lukuledi na kule Kitere, simu za ofisini kwetu mabwana shamba haziishi, na zinazoniumiza kichwa zaidi sio za viwavi wala za ndege, ni za watu waliokuta duara. Mtu kaenda shamba asubuhi kakuta katikati ya mpunga uliosimama vizuri kuna sehemu imelala chini, ya mviringo, pembeni haijaguswa kabisa. Mpaka bwana shamba afike kijiji kizima kimeshaingia na simu, video ipo kwenye magrupu ya WhatsApp, vijana wanasema ni vyombo vya anga kama walivyoona mtandaoni, wazee wanasema usiku kuna mtu kaleta ndondocha wake kulima.

Nianze na la vijana maana ndo fupi. Zile picha za maduara yenye michoro mikubwa nyingi zimepigwa kwenye ngano kusini mwa Uingereza, hasa Wiltshire, na sisi huku ngano hatulimi hata, ya Tanzania ipo Hanang, Karatu na nyanda za juu kusini. Mwaka 1991 wazee wawili wa Southampton, Doug Bower na Dave Chorley, walijitokeza kwenye gazeti wakasema wao ndo waliokuwa wanachora tangu miaka ya 1970, usiku, kwa ubao na kamba. Hawakuishia kusema, walitengeneza duara jingine kwa makubaliano na gazeti, afu akaitwa Pat Delgado ambaye alikuwa anajulikana sana kwa kuyachunguza mambo hayo, akalikagua akasema hili ni la kweli, sio kazi ya binadamu, ndipo akaambiwa waliolichora ni kina nani. Wengine wakaendeleza, mpaka 2001 pale Milk Hill, huko huko Wiltshire, ukaonekana mchoro mmoja wenye maduara 409. Na kama unajiuliza wanaingiaje bila kuacha nyayo, angalia vizuri hizo picha za juu utaona mistari miwili miwili imekatiza shamba lote, hizo ni njia za matairi ya trekta la kupulizia dawa, mtu anapita humo.

Ila sio kila duara kachora mtu. Mwaka 1880, kabla ya ndege wala droni, bwana mmoja anaitwa John Rand Capron aliandika kwenye jarida la sayansi la Nature kuhusu ngano aliyoikuta Surrey, Uingereza, baada ya dhoruba, imelala kwa vipande vya mviringo, mabua yameelekea upande mmoja kuzunguka katikati na ukuta wa ngano iliyosimama nje yake, na yeye akaona ni kazi ya upepo unaozunguka. Tukio la namna hiyo ndo linafanana na ya kwetu kuliko michoro ya Wiltshire.

Mpunga unalala, kila mkulima anajua. Unalala zaidi ukiwa wa mbegu ndefu kama Supa, ukiwa umebanana, na zaidi ya yote ukiwa umemwagiwa yurea nyingi kwa mara moja, kwa sababu bua linakimbia juu laini halafu suke linajaa linakuwa zito, ikija mvua ya upepo usiku linaanguka. Sasa kwa nini duara? Kwa sababu yurea tunamwaga kwa mkono, haifiki sawa, na pale mkono ulipozidisha au pale palipo na tope la rutuba zaidi ndo panapoanza kuanguka, bua la kwanza linamwangukia jirani yake, jirani naye anamwangukia mwenzie, mpaka linafika kwenye mpunga wenye bua gumu linaishia hapo. Ndo ule ukuta wa pembeni unaowashangaza watu.

Kuna kitu kimoja nawaomba mjifunze kukiangalia. Ng'oa bua moja lililolala ulishike mkononi, uangalie vile vifundo pale pingili zinapokutana. Bua ambalo bado bichi likilazwa halikubali kubaki limelala, upande wa chini wa kifundo unakua haraka kuliko wa juu kwa hiyo bua linakunja kona na kichwa kinaanza kuinuka, na hii inaanza kuonekana ndani ya siku moja mbili tu. Kwa hiyo kama mtu anasema duara limetokea jana usiku na wewe unaona vifundo vimeshapinda kabisa, vichwa viko juu, basi limelala siku kadhaa na hakuna aliyepita kuona. Kuna watafiti wa nje waliwahi kusema vifundo vilivyorefuka upande mmoja ni dalili ya mionzi kutoka juu, lakini mmea wenyewe unafanya hivyo kila siku, hata ukiulaza kwa mkono wako nyumbani.

Angalia na mengine. Mtu aliyechora kwa kamba anaacha tundu la kigingi katikati, bua limechubuka na lina tope la mguu, na kwenye jaruba lenye maji nyayo hazifichiki. Kiboko anaacha njia moja pana kutoka mtoni na mpunga umekatwa kama umefyekwa, tembo anaacha kinyesi, nguruwe anafukua. Kama katikati kulikuwa na dungu la kuamia ndege usiulize tena, aliyekuwa anaamia kazunguka hapo wiki nzima. Mimea ikiwa imekufa imesimama, haijalala, baada ya radi, hiyo ni radi.

Kwenye ufuta huku Ruangwa na Nachingwea maduara ni ya aina nyingine, utaona sehemu za mviringo ufuta umekuwa mrefu, kijani iliyokolea, kuliko wa pembeni. Watu wanasema hapo kuna mtu kazika kitu. Mkulima mwenyewe akikumbuka vizuri hapo ndo alipokusanya marundo ya miti na majani akayachoma wakati wa kusafisha shamba, majivu yamepunguza uchachu wa udongo na yameacha potasiamu. Au palikuwa na zizi, maana kuna wafugaji waliohamia Lindi kuanzia 2006 wakitokea bonde la Ihefu kule Mbeya, na samadi ya zizi inakaa ardhini miaka mingi. Chimba na jembe, utayaona majivu au mkaa wenyewe.

Nasisitiza haya kwa sababu nimeona mambo yanapoishia. Duara linaonekana kwa mtu, mganga anaitwa, anataka kuku na hela, halafu anataja, na anayetajwa mara zote ni bibi anayeishi peke yake au jirani ambaye mpunga wake haukulala. Jamani, mpunga wake haukulala kwa sababu hakuzidisha mbolea! Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na kumtangaza mwenzio hadharani kuwa mchawi ni kosa, lakini hata sheria isingekuwepo, huyo bibi ataishije hapo kijijini baada ya kutajwa?

Kwa hiyo ukilikuta, zuia watu wasiingie kwanza, piga picha ukiwa nje, pembeni, katikati, na vifundo kwa karibu, ndo utupigie. Halafu okoa mpunga: toa maji jarubani, kama punje bado ina maziwa inua mashina manne matano uyafunge pamoja yasimamiane, kama zimeshakuwa ngumu na njano vuna hicho kipande upesi kabla hazijaota zikiwa kwenye suke. Msimu ujao gawa yurea mara mbili au tatu, na kama shamba lako linalala kila mwaka jaribu mbegu ya SARO 5, ni fupi kuliko Supa. Kwa ufuta, wenzetu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ndo wanaosimamia utafiti wa mbegu za mafuta, sampuli ya udongo chukua mbili, moja ndani ya duara na moja nje, usizichanganye, uziandike majina uje nazo ofisini.