Okidi ya Ndani Baada ya Maua Kudondoka

Ua la mwisho la okidi likishadondoka, watu wengi hukimbilia mkasi, na wengine huutupa mmea mzima wakidhani umekufa, kumbe umeingia tu katika kipindi kingine cha uhai wake. Aina inayouzwa zaidi kwa ajili ya ndani ya nyumba, Phalaenopsis, huchanua kwa miezi miwili hadi mitatu, kisha hurudi kwenye kazi ya kuotesha majani na mizizi, na maua ya msimu ujao yatategemea akiba inayowekwa wakati huu. Ndiyo maana mimi nikiletewa okidi iliyomaliza kuchanua, mizizi huichunguza kwanza, bua, yaani shina lililobeba maua, baadaye.

Phalaenopsis asili yake ni misitu yenye joto na unyevu ya Asia, zikiwemo Ufilipino na Indonesia, ambako huota juu ya miti bila kuinyonya, mizizi yake ikilowa kwa mvua na kukaushwa na upepo muda mfupi baadaye. Kila mzizi umevikwa tabaka la seli zilizokufa, linalofyonza maji kama sponji. Mzizi wenye afya ukiwa mkavu huwa na rangi ya fedha. Umwagie maji nawe utauona ukigeuka kijani papo hapo, kwa kuwa tabaka hilo likijaa maji huruhusu rangi ya ndani ionekane. Mzizi uliooza huwa wa kahawia na laini, na ukiuvuta taratibu kwa vidole viwili, ganda lote huchomoka na kubaki mkononi, huku uzi mwembamba ukibaki umening'inia kwenye mmea. Kwa sababu hiyo napendelea vyungu vya plastiki inayoonyesha ndani: mtunzaji huona hali ya mizizi bila kuufukua mmea.

Wakati huu ambapo hakuna maua ya kuhofia ndio unaofaa kubadilisha chungu, jambo ambalo hufanywa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa vipande vya magome ya msonobari vinavyotumika badala ya udongo huoza polepole, vikashikana na kuzuia hewa. Udongo wa kawaida usitumike kabisa. Toa magome yote ya zamani, kata mizizi iliyooza hadi ufikie sehemu ngumu, kisha chagua chungu kinachoitosha mizizi iliyobaki bila kuachia nafasi kubwa, kwani chungu kikubwa mno hukaa na maji muda mrefu. Mizizi inayojitokeza nje, hata ikionekana kama fujo, iache ilivyo.

Sasa tuje kwenye bua. Likiwa limekauka au kugeuka njano, likate karibu na chini. Hapo hakuna mjadala. Likiwa bado kijani, unaweza kulikata sentimita moja hivi juu ya kifundo (pete ndogo kwenye bua) cha pili au cha tatu kutoka chini, na huenda jicho lililo kwenye kifundo hicho likachipua tawi jipya lenye maua baada ya miezi miwili au mitatu. Maua hayo kwa kawaida huwa machache na madogo kuliko ya kwanza, na mmea hulazimika kuyagharimia kabla haujapumzika. Kwa mmea wenye majani matatu tu, au wenye majani yaliyolegea, mimi hulikata bua lote bila kusita. Kisu kipitishwe kwanza kwenye moto kisha kiachwe kipoe, hasa kama una okidi kadhaa, kwa sababu virusi, vikiwemo vya mozaiki vya Cymbidium (aina nyingine ya okidi), husafiri na utomvu ulioganda kwenye makali, na mmea ulioambukizwa hauna tiba.

Ushauri huu wa kukata usiuhamishie kwenye Dendrobium, aina nyingine ya okidi. Mashina yake ya zamani, hata yakipoteza majani, ni ghala la maji na chakula, na baadhi huweza kuchanua tena. Ondoa kishina cha maua kilichokauka tu.

Kuhusu maji, okidi nyingi za ndani huuawa na wingi wake kuliko uchache. Vitundu vya majani ya Phalaenopsis hufunguka usiku kuvuta hewa ya ukaa na kufungwa mchana, hivyo mmea hupoteza maji kidogo na huvumilia ukavu wa siku kadhaa. Subiri mizizi irudie rangi ya fedha, umwagilie asubuhi hadi maji yapite chini, na usikiache chungu kikisimama ndani ya maji. Yakituama katikati ya majani, yanyonye kwa karatasi laini, kwani kiini kikioza mmea huacha kukua kwenda juu. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, na mara moja kwa mwezi umwagilie maji matupu kwa wingi ili kuosha chumvi.

Okidi yenye majani mazuri isiyochanua tena mara nyingi inakosa mwanga. Majani ya kijani kilichoiva sana ni dalili ya giza, na yenye wekundu kwenye kingo yanapata mwanga mkali. Yanayofaa yana kijani cha wastani. Pamoja na mwanga, inahitaji baridi kiasi: wiki kadhaa za usiku wenye nyuzi joto kati ya 15 na 18 za Selsiasi ndizo huiamsha itoe bua, na katika chumba kinachobaki na joto la zaidi ya nyuzi 28 usiku na mchana huenda ikaotesha majani tu.

Chipukizi linapotokeza kati ya majani, usiliharakie kulishangilia, kwa kuwa huenda likawa mzizi. Mzizi una ncha ya mviringo inayong'aa, na bua lina ncha bapa kidogo iliyochongoka, kisha huelekea juu penye mwanga. Ukishathibitisha kuwa ni bua, usikizungushe chungu hadi maua yafunguke, la sivyo yataelekea kila upande, na bua likifikia sentimita 15 hivi lifunge kwenye kijiti kwa kamba laini, bila kulikaza.