Ana mali, mbona anaugua? Maswali kuhusu baipola na fedha

Baipola ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa akili unaokuja kwa vipindi. Kuna kupanda: kwa wiki nzima au zaidi mtu halali wala hachoki, anaongea bila kituo, anapanga makubwa. Kuna kushuka, yaani sonona: nguvu zinamwisha, anajiona hafai, kwa wiki mbili au zaidi. Katikati anaweza kuwa mzima kabisa. Kwa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 40 duniani.

Mtaani wanasema baba katajirika kwa ndagu, yaani uchawi wa kutafuta mali, na kijana wake ndiye kafara. Kuna ukweli?

Hapana. Ugonjwa huu unahusiana sana na urithi wa damu na utendaji wa ubongo. Msongo, kukosa usingizi, pombe na bangi vinaweza kuuamsha.

Maneno hayo yanaumiza watu hapa Mbeya. Familia ikiwa na malori na nyumba nzuri Uyole, mtoto akiugua inasemwa "wamemtoa". Familia ikiwa maskini, kijana mwenye dalili zilezile anaitwa chizi, mvuta bangi. Kwa kuogopa uvumi, wenye mali humfungia mgonjwa chumba cha uani wageni wasimwone. Geti zuri nje, ndani mtu anakosa tiba.

Kaka yangu anauza viazi soko la Mwanjelwa. Ameanza kugawa fedha ovyo. Ni ugonjwa au ni ulimbukeni?

Angalia yanayoandamana nayo. Kama halali, anaongea kwa kasi, anakasirika akizuiwa, na zamani hakuwa hivyo, mpelekeni akapimwe. Kutapanya fedha ni dalili inayojulikana. Mtu anauza shamba la parachichi kwa bei ya kutupa, analipia vinywaji meza zote, anakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili aagize pikipiki asizozihitaji. Wanaofaidi wanamwita bosi, na kwa sababu ana fedha hakuna anayesema anaumwa.

Kisha sonona inaingia, wadai wanabisha hodi, na aibu inamlemea. Hapo ndipo pa hatari zaidi. Akitamka maneno ya kutaka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Tulinde vipi mali bila kumdhalilisha?

Ongeeni naye akiwa ametulia, na yeye mwenyewe achague. Hati ya shamba ikae kwa mke au ndugu anayemwamini; akaunti ya biashara ihitaji saini mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu. Kwa hiyo kama ameuza akiwa juu, muoneni mwanasheria mapema.

Ila kulinda si kunyang'anya. Wapo ndugu wanaosubiri kikao cha ukoo waseme "huyu hana akili, asipewe kiwanja". Huo ni wizi.

Dawa zipo?

Zipo. Lithiamu inatumika tangu mwaka 1949 na bado ni miongoni mwa dawa bora; anayeitumia hupimwa damu, figo na tezi ya shingo mara kwa mara. Mwanamke anayeweza kupata mimba amwambie daktari kabla ya kuandikiwa valproeti, dawa nyingine ya ugonjwa huu, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anzieni hospitali ya wilaya. Ikibidi mtapewa rufaa. Kosa kubwa ni kuacha dawa kwa sababu "nimeshapona".

Akitulia, arudi sokoni?

Arudi, polepole. Miezi ya mwanzo mwepusheni na safari za usiku za kusindikiza mzigo Dar, maana usingizi ukikatika anaweza kupanda tena. Na wewe mteja wake, nunua viazi kama zamani. Habari za ugonjwa usimuulize mbele za watu.